Mstari mweusi kwenye mkono wa mtoto: ni ufa au ni mfupa unaokua?

Swali: Shikamoo daktari. Niko mwaka wa pili wa utabibu, nipo mazoezini katika hospitali moja hapa Mwanza. Aliletwa mtoto wa kiume wa miaka 9, kateleza kwenye mawe kule Mabatini, mkono umevimba kidogo karibu na kiganja. Eksirei ilipotoka niliona mstari mweusi unaikata rediasi, nikasema mbele ya wenzangu kwamba mfupa umevunjika. Mtaalamu wa mionzi akacheka, akasema mstari huo kila mtoto anao, akaondoka. Vitabuni kila mfupa una mshale na jina lake. Picha halisi haina mshale. Nitajuaje mfupa upi ni upi, na mstari upi ni wa kawaida? — Mwanafunzi, Buhongwa

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Aliyecheka alipaswa kukaa dakika mbili akuoneshe, maana ulichosema kina mantiki yake: umeona kitu cheusi kinapita katikati ya kitu cheupe, ukakiita ufa. Nitaanza na huyo mtoto, kisha tuje kwenye majina. Kwa kweli ni swali moja. Mfupa kwenye picha unautambua kwa ukingo wake na kwa jirani zake, na mtu anayetazama weupe tu atadanganywa kila siku, kwa mtoto na kwa mtu mzima.

Mtoto wa miaka 9 bado anarefuka, na rediasi yake, yaani ule mfupa wa upande wa gumba, haijawa kipande kimoja. Kuna shina refu, kuna kipande kidogo cha ncha kiitwacho epifisi, na kati yake kuna bamba la ukuaji. Bamba hilo ni gegedu. Halina kalsiamu ya kuizuia mionzi, kwa hiyo mionzi inapita na mahali pake panatoka peusi kwenye picha. Kwa wavulana bamba la mwisho wa rediasi hufunga wakiwa na miaka 17 hadi 19 hivi, na wasichana huwatangulia kidogo. Kabla ya hapo, mstari huo usipouona ndipo ushtuke.

Sasa rudi kwenye ile picha uutazame mstari wenyewe kwa karibu. Bamba la ukuaji linakata mfupa wote, kutoka ukingo wa gumba hadi ukingo wa upande wa pili, karibu sana na kiungo. Halijanyooka kama limepigwa rula, lina mawimbi madogo. Juu na chini yake utaona uzi mwembamba mweupe, maana mfupa unaopakana na gegedu huwa mgumu kidogo. Na kingo za nje za shina na za epifisi zinatazamana vizuri, hakuna iliyoteleza. Ufa mpya hauna huo uzi mweupe. Kingo zake ni kali, mara nyingi hauvuki mfupa mzima, na unapofika kwenye gamba la nje la mfupa unalikata au unaliacha na ngazi ndogo. Ukiona ngazi, hata ya milimita moja, simama hapo.

Hata hivyo usimrudishe mtoto nyumbani kwa sababu tu mstari ni wa kawaida. Mkono ulikuwa umevimba, na mkono hauvimbi bure. Panda juu ya bamba sentimita mbili au tatu uelekee kiwiko, ufuate gamba la mfupa upande wa nje, upande wa ndani, kisha kwenye picha ya ubavuni ufuate upande wa mgongo wa mkono. Gamba la kawaida la sehemu hiyo linapinda taratibu, bila kigongo. Mtoto akianguka akajikinga kwa kiganja, mfupa wake laini mara nyingi haukatiki. Unajikunja, na unachokiona ni kivimbe kidogo kwenye gamba, wakati mwingine upande mmoja tu, bila mstari wowote mweusi. Nina wasiwasi kwamba kwenye ile picha mstari uliwachukua nyote macho, wewe uliyeuita ufa na yeye aliyeucheka, na huenda hakuna aliyetazama sentimita mbili juu yake.

Kuna pia majeraha ya bamba lenyewe. Robert Salter na mwenzake Harris, madaktari wa Toronto, waliyapanga mwaka 1963 katika aina tano, na mpangilio wao ndio tunaoutumia hadi leo. Aina ya kwanza ndiyo ya kukusumbua: ufa unapita ndani ya gegedu peke yake, na kama epifisi haijateleza, picha inaweza kuwa safi kabisa. Hapo eksirei haikusaidii, kidole chako ndicho kinachosaidia. Bonyeza taratibu juu ya bamba lenyewe. Mtoto akiruka, mchukulie kama aliyeumia, mkono ufungwe, arudi aonwe tena.

Wengine watakuambia upige picha ya mkono wa pili ulinganishe. Ni kweli inasaidia, lakini isiwe desturi. Unamwongezea mtoto mionzi ambayo hakuihitaji ili kukuondolea wewe shaka. Jifunze kwanza sura ya kawaida ya kila umri, na mkono wa pili uubakize kwa siku utakayokwama kweli.

Sasa weupe na weusi. Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi hii tarehe 8 Novemba 1895 huko Würzburg, Ujerumani, na kabla mwezi uliofuata haujaisha akapiga picha ya mkono wa mke wake, Anna Bertha. Itafute picha hiyo, iko kila mahali. Mifupa ya vidole inaonekana, nyama ni kivuli hafifu, na pete kidoleni ni doa jeusi zito, kwa kuwa picha hiyo huchapishwa mara nyingi kwa namna ambayo kilichozuia mionzi kinatoka cheusi, kinyume cha picha zetu za hospitalini. Lakini mpangilio ni uleule: hewa inazuia kidogo kabisa, inafuata mafuta, kisha misuli na maji, kisha mfupa, na metali inazuia kuliko vyote. Ngazi hizo tano ndizo ulizo nazo. Kila unachokiona kwenye eksirei ni mojawapo ya hizo tano, au vitu viwili vimepandana.

Kupandana ndiko kunakozaa makosa. Eksirei ni kivuli, na kivuli hakisemi kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Ndiyo maana hatusomi picha moja. Tunataka mbili zilizopigwa kwa pembe mraba, moja ya mbele na moja ya ubavuni, na kwa mfupa mrefu tunataka kiungo cha juu na cha chini vyote viwemo. Ukiletewa picha moja tu ya mkono, kazi yako ya kwanza ni kuomba ya pili.

Kabla ya mfupa wowote, soma maandishi. Jina, tarehe, umri, na ile herufi ya upande, R kwa kulia na L kwa kushoto. Naona wanafunzi wanairuka wakidhani ni kazi ya karani. Umri ndio unaokuambia utegemee mifupa mingapi, na herufi ndiyo inayokuambia gumba liko upande gani hata kama picha imegeuzwa. Na siku hizi picha zinageuzwa sana, mtu anaipiga kwa simu ikiwa imebandikwa kwenye taa kinyumenyume, kisha anaituma kwenye kundi.

Haya, majina. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono ni minane, na imewatoa jasho watu wengi. Usianze kuikariri kutoka pembeni. Anza na kapiteti. Ni mkubwa kuliko wenzake, uko katikati, na uko sawasawa na mfupa wa kiganja unaobeba kidole cha kati. Weka kidole chako juu ya kidole cha kati kwenye picha, shuka nacho, pita mfupa wa kiganja, wa kwanza utakaoupiga ni kapiteti. Ukishaupata, hutapotea tena. Upande wa kidole kidogo, jirani yake ni hameti. Utaujua kwa kiduara cheupe ndani yake, ambacho ni ndoana ya mfupa huo ikitazamwa kwa mbele. Upande wa gumba, jirani wa kapiteti ni trapezoidi, mdogo, umebanwa chini ya kidole cha shahada, kisha trapeziamu iliyobeba gumba lenyewe. Huo ndio mstari wa mbele, yaani wa upande wa vidole.

Mstari wa nyuma, unaopakana na rediasi, unaanza upande wa gumba na skafoidi, mrefu, umelala mshazari kwa sababu unaunganisha mistari yote miwili. Katikati kuna lunati. Baada yake trikwetramu, na juu ya trikwetramu, ukiwa umepandana nayo, uko pisifomu, mfupa mdogo wa mviringo. Pisifomu unaweza kuugusa sasa hivi mwilini mwako: ni kile kigumu kinachochomoza mwanzo wa kiganja upande wa kidole kidogo. Ugusie hapo kila unapousoma jina lake.

Kwa mtu mzima, chora kwa macho matao matatu. Tao la kwanza linapita ukingo wa nyuma wa skafoidi, lunati na trikwetramu. La pili linapita ukingo wa mbele wa mifupa hiyohiyo mitatu. La tatu linafuata ukingo wa nyuma wa kapiteti na hameti. Yote matatu yanatakiwa yapinde bila kukatika, na nafasi kati ya mfupa na mfupa zilingane. Tao likikatika, kuna mfupa umehama. Kwenye picha ya ubavuni, rediasi, lunati na kapiteti zinakaa juu ya mstari mmoja: rediasi inaibeba lunati, na lunati, iliyobonyea upande wa vidole, inakibeba kichwa cha kapiteti. Ukiona lunati imebaki tupu, au imepinduka ikitazama kiganjani, usimwambie mgonjwa kwamba ameteguka tu. Jeraha hilo linawapita wengi kwa sababu picha ya mbele huonekana karibu ya kawaida, isipokuwa lunati imekuwa na pembe tatu.

Mtoto hazaliwi na mifupa hiyo minane ikionekana kwenye picha. Ipo, lakini ni gegedu, haionekani. Kapiteti na hameti hutangulia katika miezi ya mwanzo ya maisha. Trikwetramu hufuata karibu na mwaka wa pili au wa tatu, lunati karibu na wa nne, kisha kati ya miaka minne na sita hivi zinatokea skafoidi, trapeziamu na trapezoidi. Pisifomu ni wa mwisho, miaka minane hadi 12. Wasichana wanatangulia, na mtoto aliyekosa lishe kwa muda mrefu anaweza kuchelewa. Kwa hiyo mtoto wako wa miaka 9, ukihesabu mifupa saba, hakuna uliopotea, pisifomu bado haijafika. Jaribu kuhesabu kwenye picha yake, halafu hesabu kwenye picha ya mtoto wa miaka mitatu uone tofauti. Zoezi hilo moja linafundisha kuliko ukurasa wenye mishale.

Niseme neno la ziada juu ya skafoidi, maana utakutana nayo kila wiki kwa vijana wa bodaboda. Mtu anaanguka, anajikinga kwa kiganja, anakuja na maumivu kwenye kile kibonyeo kinachojitokeza chini ya gumba ukilinyanyua. Picha ya siku hiyo inaweza isioneshe chochote. Ufa upo, lakini vipande havijaachana. Ukibonyeza pale akaumia, mfunge hogo au kifaa cha kutuliza mkono, umpigie picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14, wakati kingo za ufa zimeanza kuliwa na ufa unaonekana. Sababu ya kuhangaika hivyo ni damu. Mshipa mkuu wa skafoidi unaingilia upande wa vidole na kurudi nyuma, kwa hiyo mfupa ukikatika katikati, pale penye kiuno chake, nusu ya nyuma inaweza kukosa damu na kufa. Kijana wa miaka 22 asiyeweza kukamata usukani miaka mitano baadaye ni hasara kubwa kwa picha ya pili isiyopigwa.

Kiwiko cha mtoto ni kigumu kuliko kifundo, na hapo ndipo umri unakuwa ufunguo kabisa. Kuna vituo sita, yaani sehemu za gegedu zinazogeuka mfupa, vinavyojitokeza kwa zamu, na zamu yao ni muhimu kuliko miaka yenyewe. Kumbuka namba witiri za miaka, 1, 3, 5, 7, 9, 11: kapitelamu (kitufe cha mfupa wa mkono wa juu kinachopakana na rediasi), kichwa cha rediasi, epikondili ya ndani (kinundu cha pembeni upande wa ndani), troklea (sehemu ya kiungo iliyo jirani na kapitelamu, upande wa ndani), olekranoni (ncha ya kiwiko), epikondili ya nje. Miaka inaweza kusogea, zamu haisogei kirahisi. Tumia hivi. Umeletewa mtoto wa miaka minane, kaanguka kutoka kwenye mwembe. Ndani ya kiungo unaona kipande cha mfupa mahali pa troklea, unafurahi, umri wa troklea umefika. Kabla hujaandika, tazama upande wa ndani wa kiwiko: epikondili ya ndani iko wapi? Inapaswa kuwa imetokea kabla ya troklea. Kama haipo mahali pake, basi hicho unachokiita troklea huenda ndicho epikondili, imeng'olewa na misuli ikaingia ndani ya kiungo. Huyo anakwenda kwa daktari wa mifupa leo hii.

Kwenye picha ya ubavuni ya kiwiko, fuata ukingo wa mbele wa mfupa wa mkono wa juu ukishuka nao. Mstari huo unatakiwa upite katikati ya kapitelamu. Ukipita mbele yake, mfupa umevunjika juu ya kiwiko na ncha imerudi nyuma. Tazama na mafuta: nyuma ya mfupa huo, juu ya kiwiko kilichokunjwa, kusionekane kipande cheusi cha mafuta. Kikionekana, kiungo kimejaa damu au maji na kuyasukuma mafuta nje, na kwa aliyeanguka hiyo ni dalili ya mvunjiko hata kama ufa wenyewe hujauona.

Mistari mingine ya kukuchezea nitaipitia haraka. Kwenye shina la mfupa mrefu kuna tundu la mshipa wa damu unaolisha mfupa. Linapita mshazari, lina kingo nyembamba nyeupe, na linakata gamba moja tu. Mkononi linaelekea kiwiko, mguuni linalikimbia goti. Mstari wa mshazari unaokwenda kinyume cha hapo una mashaka. Kwenye wayo, mfupa wa tano, ule wa kidole kidogo, watoto wa kati ya miaka 9 na 14 wana kipande cha ukuaji kwenye kitako chake, yaani ncha ya upande wa kisigino, na mstari wake unakwenda sambamba na urefu wa mfupa. Mvunjiko wa hapo unapita kwa kukingama. Watu wanafunga hogo miguu mizima kwa kutojua hilo. Pia ya goti inaweza kuwa na kipande cha pembeni ambacho hakijaungana, mara nyingi kona ya juu upande wa nje, chenye kingo laini nyeupe. Nyuma ya goti hilohilo watu wengine wana mfupa mdogo wa mviringo ndani ya kano, uitwao fabela, na si kipande kilichovunjika.

Kisha kuna mstari ambao haumo kwenye picha, umo machoni pako. Mfupa mmoja ukiupanda mwingine, jicho hutengeneza utepe mweusi pembeni mwa ukingo. Unauona sana kwenye kifundo cha mguu, pale fibula, mfupa mwembamba wa upande wa nje, inapoupita muundi. Dawa yake ni rahisi: funika ukingo wa mfupa mmoja kwa kipande cha karatasi. Utepe ukitoweka, haukuwepo. Ufa hautoweki kwa karatasi.

Hapa kwetu ziwani kuna eneo moja ambalo vitabu vingi vya nje huligusa kidogo sana: shingo ya mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Utawaona wengi, sangara na sato vikiliwa kila siku. Watu wanaomba eksirei ya ubavuni ya shingo, na kinachofuata ni ubishi juu ya kauzi keupe kanakoonekana mbele ya pingili ya tano au ya sita. Kabla hujakaita mwiba, taja kwanza vya kawaida vilivyopo pale. Juu kabisa, chini ya taya, kuna mfupa wa ulimi, haioidi, na pembe zake mbili zinazorudi nyuma. Chini yake kuna gegedu la koo, lile linalochomoza kwa wanaume, na chini yake gegedu la krikoidi. Magegedu haya kwa mtu mzima hugeuka mfupa, lakini kwa vipande, kipande hiki leo na kile mwakani. Ukuta wa nyuma wa krikoidi ukishika kalsiamu, unatoa mstari mweupe uliosimama wima, hasa mahali ambapo miiba hupenda kukwama. Mwiba mara nyingi ni mwembamba kuliko huo, una ncha, na haufuati umbo la gegedu.

Tazama pia nyama iliyo mbele ya pingili. Kwa mtu mzima, mbele ya pingili ya pili ya shingo isizidi milimita 6 au 7, na mbele ya ya sita isizidi 22 hivi. Ikinenepa, au ukiona hewa ndani yake, mgonjwa huyo yuko hatarini, mwiba uonekane usionekane. Na picha safi haimaanishi mwiba haupo. Miiba mingine haina kalsiamu ya kutosha, na mingi imekwama kwenye tezi za koo ambako tochi na kijiko cha kushikia ulimi vinatosha kuiona. Kwa hiyo anza na tochi. Na waambie waache kumeza matonge makavu ya ugali ili kuusukuma. Unaweza kusukumwa mahali pabaya zaidi.

Jambo jingine la kwetu ni seli mundu. Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi, na mifupa yao ina sura zake. Mtoto mdogo, hata chini ya mwaka mmoja, anaweza kuja na vidole vimevimba vya mikono na miguu. Picha ya siku za kwanza huonesha nyama iliyovimba tu. Mfupa hubadilika baada ya wiki moja au mbili, gamba linapata tabaka jipya na ndani panakuwa na madoa. Kwa wakubwa, pingili za mgongo zinabonyea katikati juu na chini huku kingo zikibaki zimenyooka, na kichwa cha fupapaja kinaweza kubonyea kwa kukosa damu. Ukiziona sura hizo kwa mtu ambaye hajawahi kupimwa, omba kipimo cha damu.

Umeuliza utajifunzaje bila mishale. Mimi ningekushauri uanze na picha za kifua, kwa sababu ndizo nyingi kuliko zote hospitalini, na karibu kila anayezitazama anatazama mapafu. Wewe tazama mifupa. Tafuta mitulinga miwili, ifuate ukingo wa juu na wa chini hadi begani. Tafuta ukingo wa ndani wa mfupa bapa wa bega, ambao wakati mwingine huangukia juu ya pafu ukafanana na mstari wa pafu lililosinyaa. Hesabu mbavu kwa nyuma, zile zinazolala karibu usawa, kisha kwa mbele, zile zinazoteremka. Ili uijue mbavu ya kwanza kwa hakika, tazama pingili: vijiti vya pembeni vya pingili ya saba ya shingo vinaelekea chini, vya pingili ya kwanza ya kifua vinaelekea juu. Ukikuta kambavu kadogo kanatoka kwenye kile kinachoelekea chini, umepata mbavu ya shingo, ambayo watu wachache huzaliwa nayo. Kwenye kila pingili ya mgongo tafuta viduara viwili vilivyokaa kushoto na kulia. Kimoja kikikosekana kwa mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo, uliza kama amewahi kutibiwa saratani, halafu uliza kama ana kikohozi cha muda mrefu na jasho la usiku.

Fanya hivyo kwa mifupa halisi pia. Chuo chako kitakuwa na sanduku la mifupa mikavu. Uchukue mfupa mmoja, uugeuze mbele ya taa, uangalie kivuli chake ukutani kikibadilika. Kwenye eksirei, rediasi ikizungushwa kidogo tu, ule mwinuko wa chini ya kichwa chake unakuwa duara jeusi linalofanana na uvimbe. Ukishaona hivyo kwa macho yako, picha iliyopigwa vibaya haitakutisha.

Kuhusu mtoto wa Mabatini: rudi kwenye faili lake, tazama gamba la rediasi sentimita mbili juu ya bamba kwenye picha zote mbili. Ukiona kivimbe, au kama alipobonyezwa juu ya bamba aliumia na hakufungwa chochote, mwambie daktari wa zamu leo, na mama yake apigiwe simu amrudishe. Kama utanitumia picha hizo, zipige zikiwa nzima na herufi ya upande ionekane, funika jina, uandike umri, siku aliyoanguka, na mahali hasa mtoto alipoweka kidole ulipomwuliza panauma wapi.